Deni Lisilo na Daftari



Katika kurasa hizi tumezoea kusema juu ya ardhi, mirathi, mishahara ya vibarua na haki za mahabusu. Safari hii tunapenda kusema juu ya ankara ya umeme. Huenda baadhi yenu mkajiuliza jambo dogo namna hiyo linahusianaje na haki na amani. Tunawaomba mtuvumilie. Tumeona kwamba mtu maskini hakutani na dola mahakamani wala bungeni. Anakutana nayo dirishani, kwenye foleni, mkononi ameshika karatasi asiyoielewa. Akitendewa haki pale, atasema nchi ina haki. Akidhulumiwa pale, hotuba nyingine zote zitamwingia sikio moja na kutokea la pili.

Karatasi tunayoizungumzia si ankara ya mwezi uliopita. Hiyo kila mtu anaijua na anaitarajia. Twazungumzia ankara ya malimbikizo, yaani dai la ghafla la matumizi ya miaka iliyopita, ambalo mwenye nyumba hakulitazamia, na ambalo kwa kadiri ya kumbukumbu zake alikwisha kulilipa.

1. Mfano wa Kiuyu

Tutoe mfano. Tumeutunga ili kueleza jambo. Haumhusu mtu fulani wala ofisi fulani.

Pemba ina Kiuyu zaidi ya moja: Kiuyu Minungwini na Kiuyu Kigongoni katika Wilaya ya Wete, Kiuyu Mbuyuni na Kiuyu Maziwang'ombe katika Wilaya ya Micheweni. Tuseme katika moja ya hizo yupo mama mjane anayelima mwani maji yanapotoka, na mchana huuza barafu kwa watoto wa skuli. Anazo taa nne, feni, televisheni na friza ndogo. Kwa miaka kadhaa alikuwa na mita ya zamani na kulipa kila alipoletewa ankara. Kisha mita ikabadilishwa. Baada ya miezi michache anaambiwa kwamba mita ile ya zamani ilikuwa mbovu, haikuhesabu sawasawa, na kwa hiyo anadaiwa tofauti ya miaka mitatu: shilingi laki nne na themanini elfu. Amepewa siku saba. Asipolipa atakatiwa.

Mama huyu atafanya nini? Atakwenda kwa sheha, naye sheha atamwambia kwamba mambo ya mita hayajui. Atampigia simu mwanawe aliyeko Unguja. Atamwuza mbuzi. Kama atafika ofisini, atafika kuomba apunguziwe, si kuuliza kama dai ni la kweli, maana moyoni amekwisha kujihukumu. Tangu utotoni amefundishwa kwamba kilichoandikwa kwa mashine na kupigwa muhuri hakikosei.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Sisi twasema kwamba deni la zamani ni lazima lithibitishwe kwanza na yule anayelidai, wala si kazi ya anayedaiwa kuthibitisha kwamba hadaiwi. Na wakati uthibitisho huo unatafutwa na shauri linasikilizwa, taa ya nyumba isizimwe. Hili si pendeleo. Ni jambo ambalo Serikali zetu zenyewe, zilipodaiana, zilipeana.

2. Hata wakubwa walipata kudaiwa

Waya wa umeme unaopita chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Pemba iliendelea kutegemea majenereta ya dizeli kwa miaka thelathini mingine, hadi mwaka 2010 ulipozinduliwa waya wa kilovolti 33 kutoka Tanga, uliolazwa kwa msaada wa Norwei. Hivyo sehemu kubwa ya umeme wa visiwa vyetu hununuliwa kwa jumla kutoka Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO, nalo Shirika la Umeme Zanzibar, ZECO, huuza kwa wananchi. Katika biashara hiyo Zanzibar nzima ni mteja mwenye mita, kama yule mama wa Kiuyu alivyo mteja mwenye mita.

Tarehe 5 Machi 2017, Rais wa Tanzania wa wakati huo, John Magufuli, akiwa Mtwara, aliiagiza TANESCO iwakatie umeme wadaiwa sugu wote, zikiwamo taasisi za Serikali. Aliitaja na Zanzibar kuwa inadaiwa shilingi bilioni 121. Siku chache baadaye TANESCO ilitoa notisi ya siku 14. Rais wa Zanzibar wa wakati huo, Dk. Ali Mohamed Shein, alijibu kwamba Wazanzibari hawatatishika, na ikibidi watarudi kwenye vibatari.

Wengi walidhani giza liko mlangoni. Lakini taa hazikuzimwa. ZECO ililipa shilingi bilioni 10, mazungumzo yakaendelea, na deni likachambuliwa. Ndani ya deni hilo mlikuwa na mambo ya namna mbalimbali: umeme uliotumika bila shaka yoyote, bei ambayo pande mbili zilikuwa zimebishania kwa miaka mingi, na Kodi ya Ongezeko la Thamani iliyotozwa juu ya umeme uliouzwa Zanzibar. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri la Serikali ya Muungano liliamua kuiondoa kodi hiyo katika umeme unaouzwa Zanzibar, na kusamehe malimbikizo yake, yapatayo shilingi bilioni 22.9.

Hatukumbushi habari hizi ili kufukua ugomvi. Twataka msomaji aone mdaiwa yule mkubwa alipata nini. Alipewa notisi. Alisikilizwa. Aliruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Deni lilifunguliwa na kutazamwa ndani, na ile sehemu iliyoonekana haikustahili kutozwa ikaondolewa. Wala hakuna aliyesema kwamba kwa kubisha, Zanzibar imekuwa mwizi. Basi twauliza: yaliyofaa kwa bilioni mia na ishirini na moja yanashindikanaje kwa laki nne na themanini elfu?

3. Dawa ya deni

Tusije tukaeleweka vibaya. Wazee wetu walisema dawa ya deni ni kulipa, nasi hatutafuti dawa nyingine. Umeme una gharama. Kuna nguzo za kusimamishwa, transfoma za kubadilishwa, mafundi wa kulipwa, na mwuzaji wa jumla upande wa pili wa bahari anayesubiri fedha zake. Mtu aliyetumia umeme kwa kujua, akaacha kulipa kwa makusudi, anawabebesha majirani zake mzigo wake. Kadhalika yule anayeunga waya bila kupitia kwenye mita, au anayemhonga fundi ili mita ilale, ni mwizi kama wezi wengine; huyo adaiwe miaka yote aliyoiba, na sheria ifuate mkondo wake. Hatutaki haki ya maskini iwe kichaka cha kuficha wajanja.

Lakini mama wa mfano wetu hakuiba. Hakuifungua mita wala hakuifunga. Mita si mali yake. Ni chombo cha mwuzaji, kinachosomwa na mwuzaji, kutengenezwa na mwuzaji na kubadilishwa na mwuzaji. Mtu wa Pemba analielewa jambo hili vizuri kuliko tuwezavyo kulieleza, kwa sababu ameuza karafuu maisha yake yote. Mkulima anapopeleka karafuu zake kituoni hukaa pale pale mizanini, macho hayabanduki, mpaka uzito usomwe na kuandikwa. Akipewa stakabadhi akaondoka, shughuli imekwisha. Je, angekubali kuitwa baada ya miaka mitatu akaambiwa: mizani yetu ilikuwa mbovu siku ile, rudisha fedha za kilo kumi? Angesema, na angesema kwa haki: mizani ilikuwa yenu, msomaji alikuwa wenu, karafuu zimekwisha kusafiri, mtaipimaje leo?

4. Deni la zamani huzaliwaje?

Inafaa tuelewe ankara za namna hii hutoka wapi, kwa maana si zote ni za uongo, wala si zote ni za kweli.

Pengine msomaji wa mita hakufika, akaandika makisio. Makisio yakiwa madogo kwa miezi mingi, siku mita itakaposomwa kweli tofauti yote itaanguka mara moja. Pengine mita ilisimama au ilipungua kasi, na ofisi ikatumia wastani. Pengine nyumba iliandikwa katika daraja la bei lisilo lake, la duka mahali pa makazi au kinyume chake. Pengine namba mbili za mita zilipishana katika daftari, jirani akalipa ya jirani. Pengine mpangaji aliondoka na deni, na aliyeingia baada yake akalikuta limekaa kwenye mita kama mgeni asiyealikwa. Pengine kodi au tozo mpya ilihesabiwa kurudi nyuma.

Katika sababu zote hizi mtaona kwamba kosa, kama lipo, limeanzia mahali ambapo mtumiaji hana mkono. Tena makisio yana udhaifu mmoja mkubwa: hayajui giza. Unguja ilikaa bila umeme wa gridi tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu, waya wa baharini ulipoharibika. Mtu akikokotoa matumizi ya nyumba ya Unguja ya miaka ile kwa wastani wa kila mwezi, atawauzia watu umeme ambao haukuwapo. Na katika vijiji vyetu vya Pemba, ambako umeme hukatika na kurudi, wastani wa namna hiyo ni lazima uulizwe: mmezitoa saa za giza?

5. Mita mpya na mlango wa siri

Wapo wanaosema kwamba mambo haya yamekwisha, maana sasa twanunua umeme kabla ya kuutumia, kwa Tukuza huku kwetu na kwa Luku kule bara. Ni kweli mita ya kulipia kabla imeondoa ubishi mwingi. Lakini haikuondoa deni la zamani. Imelipa mlango mwingine. Deni laweza kuingizwa katika mita yenyewe, na kila mtu anaponunua uniti, sehemu ya fedha zake ikakatwa kabla hajapata mwanga. Zamani mdaiwa alipewa karatasi, akaweza kuionyesha kwa mwenye elimu. Sasa aweza kuona tu kwamba shilingi elfu tano ya leo imempa uniti chache kuliko elfu tano ya mwezi jana, asijue kwa nini.

Watu wa bara wanaujua uzito wa mlango huo. Tangu tarehe 20 Agosti 2021 kodi ya majengo ilianza kukusanywa kule kupitia mita za Luku: mwanzoni shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Kodi ile ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Wapangaji wakajikuta wakilipa deni la mwenye nyumba, wakaambiwa wapatane naye wenyewe. Kwa mkusanyaji ni rahisi sana kukata fedha palipo na mita, na kwa sababu hiyo hiyo twapaswa kuwa waangalifu: njia iliyo rahisi kwa anayedai yaweza kumnyima anayedaiwa nafasi ya kusema neno hata moja.

6. Vitabu vya imani zetu vinatukumbusha

Sisi Wakristo wa Pemba ni wachache, na majirani zetu wa Kiuyu ni Waislamu. Katika jambo hili hatuna haja ya kutafuta maneno ya kupatana, kwa sababu tayari tumepatana.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Sura Al-Baqara, inahusu kuandika madeni. Inataka liwepo andiko, mwandishi mwadilifu na mashahidi. Na tena inataka maneno ya kuandikwa yatoke kinywani mwa yule anayedaiwa. Tulitafakari jambo hili: sauti ya mdaiwa imo ndani ya hati ya deni tangu mwanzo. Aya mbili kabla yake inataka mdaiwa aliye katika shida apewe muda hadi apate nafasi.

Katika Biblia, Kumbukumbu la Torati linakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia, zito na jepesi, katika mfuko mmoja. Kitabu hicho hicho kinamkataza mdai kuingia nyumbani mwa mdaiwa kuchukua rehani. Yampasa kusimama nje angoje aletewe. Na kinakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuchukua maisha ya mtu. Kwa mama anayeuza barafu, friza ndiyo jiwe lake la kusagia. Ukiizima ili alipe, umemnyang'anya kile ambacho angelipia.

Waswahili nao, bila kufungua kitabu chochote, walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kumwambia mfanyabiashara mdogo. Lakini inawahusu na wakubwa. Asiyetunza daftari lake kwa miaka mitatu asiamke siku moja akataka maskini ndiye awe daftari.

7. Wenzetu wameweka mpaka

Huenda mtu akasema kwamba maneno yetu ni ya huruma tu, na biashara haiendeshwi kwa huruma. Basi tutazame nchi ambazo biashara ya umeme ni kubwa kuliko ya kwetu.

Huko Uingereza, baada ya malalamiko ya miaka mingi, msimamizi wa nishati, Ofgem, aliweka kanuni iliyoanza Mei 2018: mwuzaji haruhusiwi kumtoza mwenye nyumba matumizi ya zaidi ya miezi 12 iliyopita ikiwa kosa la kutotoza kwa wakati si la mteja. Aliyezuia mita isisomwe au aliyeiba hapati kinga hiyo.

India, sheria ya umeme ya mwaka 2003 inaweka kikomo cha miaka miwili kwa deni ambalo halikuonyeshwa mfululizo katika ankara. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipewa shauri la mteja aliyetozwa bei ya daraja lisilo lake tangu Julai 2009 hadi Septemba 2011, akaletewa dai la nyongeza mwaka 2014. Mahakama ilitenganisha mambo mawili ambayo sisi huku huyachanganya. Ilisema kwamba mwuzaji aliyekosea kwa nia njema aweza bado kudai fedha zake baada ya miaka miwili, lakini hawezi kutumia kisu cha kukata umeme ili kuzipata. Kudai ni jambo moja, kuzima taa ni jambo jingine. Hekima hiyo twatamani ivuke Bahari ya Hindi, kama pepo za kaskazi zilivyoleta majahazi.

Karibu zaidi, nchini Kenya, mwishoni mwa mwaka 2017 na mwanzoni mwa 2018 wateja waliona ankara zao zikipanda bila maelezo. Ikadhihirika kwamba kampuni ya usambazaji ilikuwa ikijaribu kurudisha gharama za nyuma zaidi ya shilingi bilioni 8 za Kenya, zilizotokana na mitambo ya dizeli iliyotumika wakati wa ukame. Wakili Apollo Mboya alikwenda Mahakama Kuu, na Januari 2018 mahakama ilizuia kwa muda ukusanyaji wa malimbikizo yale hadi shauri lisikilizwe. Wateja wengi hawakuwa na wakili. Mmoja aliyeuliza aliwafungulia mlango wengi.

8. Mwenye nyumba afanye nini?

Kwanza, asitoe fedha kwa hofu, wala asiichane karatasi kwa hasira. Aipeleke kwa mtu anayejua kusoma hesabu: mwalimu wa skuli, katibu wa ushirika, kijana aliyemaliza masomo.

Pili, aombe kwa maandishi maelezo ya deni, na abaki na nakala. Ayaulize haya: deni ni la tangu tarehe gani hadi tarehe gani? Mita ilisomwa namba gani mwanzo na namba gani mwisho? Nani aliipima ikaonekana mbovu, na lini? Bei gani imetumika kila mwaka? Malipo niliyoyatoa yameonyeshwa wapi?

Tatu, afanye hesabu yake mwenyewe, haina ugumu. Taa nne za wati 10, zikiwaka saa tano kwa siku, zinakula uniti 6 kwa mwezi. Televisheni ya wati 60 kwa saa nne, uniti 7 na kidogo. Feni ya wati 50 kwa saa nane, uniti 12. Friza ndogo tuipe uniti moja na nusu kwa siku, yaani 45 kwa mwezi. Jumla ni kama uniti 70. Ikiwa ankara inasema uniti 160 kila mwezi kwa miaka mitatu, lipo jambo la kuelezwa. Aidha azime kila kitu ndani ya nyumba kisha aitazame mita. Ikiendelea kuhesabu, kuna waya unaovuja au unaolisha kwa mwingine.

Nne, atenganishe sehemu asiyoibishia na ile anayoibishia. Alipe matumizi ya mwezi uliopo bila kukosa. Anayelipa cha leo huku akiuliza cha jana hawezi kuitwa mkaidi.

Tano, asiporidhika aende juu. Zanzibar tunayo Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati, ZURA, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2013, na kupokea malalamiko ya watumiaji ni sehemu ya kazi yake. Bara iko EWURA. Kupeleka malalamiko huko si uasi. Vyombo hivi viliundwa kwa ajili hiyo.

Sita, asiende peke yake. Nyumba kumi za mtaa mmoja zikipata madai ya kufanana, huenda kosa liko kwenye transfoma au kwenye daftari, wala si katika nyumba kumi.

9. Tunawaomba nini wenye mamlaka?

Twaomba mambo machache yaandikwe kuwa kanuni na kubandikwa ukutani katika kila ofisi, kwa Kiswahili ambacho mama wa Kiuyu anaweza kusomewa akaelewa. Dai la zamani liwe na kikomo cha muda, isipokuwa kwa wizi uliothibitishwa. Kila dai liambatane na maelezo ya namba na tarehe. Mita inayosemwa kuwa mbovu isitupwe kabla mteja hajaiona ikipimwa. Umeme usikatwe na deni lisiingizwe kwenye mita wakati malalamiko yaliyoandikwa hayajajibiwa. Na deni likithibitika, ligawanywe kwa muda usiopungua ule uliolizaa: lililokua kwa miezi thelathini na sita lisidaiwe kwa siku saba.

Tunajua tutaulizwa: fedha zitakazokosekana atazilipa nani? Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba gharama ya kosa yafaa ikae kwa yule aliye na uwezo wa kulizuia. Mama wa Kiuyu hawezi kuizuia mita isiharibike. Hata kuifungua haruhusiwi. Shirika lenye mafundi na madaftari linaweza. Likijua kwamba baada ya muda fulani haki ya kudai itakwisha, litasoma mita mapema, litabadilisha mbovu mapema, na fedha zitakazookolewa kwa njia hiyo zitakuwa nyingi. Lisipokuwa na mpaka, uzembe wa ofisi utakuwa daima mzigo wa mwingine, na hakuna azembeaye kidogo pale ambapo mwingine ndiye anayelipa.

Kwa wafanyakazi wa dirishani, ambao wengi wao ni watu wema wanaotumwa kazi ngumu, tuna neno moja. Mama akifika na karatasi yake, mpeni kiti. Msianze kwa kumwuliza atalipa lini. Anzeni kwa kumsomea kile kilichoandikwa. Ikiwa deni ni la kweli, atalipa akiwa na moyo mtulivu. Ikiwa si la kweli, mtakuwa mmeiokoa ofisi yenu na dhambi.

Tulipokuwa watoto wengi wetu tulisoma kwa kibatari, na tunaijua thamani ya swichi ukutani. Mwaka 2010 waya ulipofika kutoka Tanga, Pemba ilifurahi. Hatutaki furaha ile igeuke woga wa kila bahasha. Nuru iliyoingia nyumba ya Kiuyu iingie pia katika daftari la anayeidai.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya na barazani

1. Katika mtaa wetu, yupo aliyewahi kulipa deni asiloelewa kwa sababu ya hofu? Tungeweza kumsaidiaje?

2. Tunatunza stakabadhi zetu wapi? Nani kijijini anaweza kuwasomea wasiojua kusoma?

3. Je, wapo kati yetu wanaotumia umeme bila kupitia kwenye mita? Tutawaambia nini, na tutaanzia wapi?

4. Ikiwa sisi wenyewe tunadai watu, dukani au shambani, daftari letu liko wazi kwa wale tunaowadai?